Nafasi ya Kumi

Saa mbili na robo asubuhi mkaguzi alikuwa amelala chali chini ya lori la mchanga, brashi ya waya mkononi, kipande cha karatasi nyepesi kati ya midomo. Namba ya chesisi ilikuwa nyuma ya gurudumu la mbele, chini ya tope la miaka. Alisugua mpaka chuma kikang'aa, akabandika karatasi juu yake, akapitisha penseli taratibu kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Herufi na tarakimu zikajitokeza nyeupe katikati ya weusi wa penseli, kumi na saba, wala si zaidi wala si pungufu.

Penseli ilipofika nafasi ya kumi, mwaka ukaingia kwenye kabini.

Nafasi hiyo iliandikwa 5, kwa hiyo ulikuwa mwaka elfu mbili na tano. Redio, ambayo ilikufa zamani, ikasoma matokeo ya mpira. Mwanga wa jua ukahama kutoka kiti cha dereva kwenda kiti cha abiria.

"Tunafungwa hapa," dereva alisema kwa masikitiko, akiwa ameegemea mlango. "Dakika za nyongeza. Mechi hii nilikuwapo uwanjani."

Walifungwa. Baada ya dakika nane mwaka ukatoka, redio ikafa tena, dereva akasaini fomu na kuondoka na mchanga wake.

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda katika yadi ile ya ukaguzi, na wafanyakazi walikwisha kuzoea. Kila mmoja alikuwa na mwaka wake. Bi Chupa, mama aliyeuza chai getini, aliupenda mwaka wa herufi X, tisini na tisa, kwa sababu mwaka huo marehemu mumewe alikuwa akimtumia salamu redioni kila Jumanne. Likiingia gari la X aliitwa. Alikuja na sinia lake, akakaa kiti cha nyuma, akasikiliza jina lake likitajwa, akashuka na kuendelea kukusanya vikombe. Siku zisizo Jumanne alisikiliza salamu za watu wengine, akasema si haba.

Mkaguzi alizijua namba hizo kabla ya kujua kusoma kitu kingine chochote. Nafasi tatu za mwanzo zinasema gari limezaliwa nchi gani na limeundwa na nani. Tano zinazofuata zinaeleza umbo lake na injini yake. Ya kumi ni mwaka, ya kumi na moja ni kiwanda, na sita za mwisho ni zamu ya gari lenyewe kwenye foleni ya kiwandani, ambayo halichangii na jingine. Ya tisa ndiyo mlinzi. Kila herufi hupewa thamani, kila nafasi huzidishwa kwa uzito wake, jumla hugawanywa kwa kumi na moja, na kinachobaki lazima kifanane na kilichoandikwa hapo. Kikibaki kumi, huandikwa X. Si viwanda vyote vinavyomweka mlinzi huyo, lakini mkaguzi alivijua vinavyomweka, na hesabu aliifanya kichwani huku akifunga kamba za viatu.

Alifundishwa na baba yake. Baba alikuwa dereva wa mradi wa maji, na mwaka ambao mtoto alitimiza miaka sita mradi ulimpa pikapu nyeupe, mpya, nailoni bado iko kwenye viti. Kila Jumamosi aliiosha mbele ya nyumba. Mtoto alisimama kwenye ndoo iliyogeuzwa, paji la uso likigusa kioo cha mbele, akisoma kibati cha namba kilichokuwa juu ya dashibodi. Mama alileta viazi kwenye bakuli, watatu wakala wakiwa wamekaa nyuma ya pikapu, miguu ikining'inia, maji ya sabuni yakitiririka chini yao mpaka barabarani. Mtoto alipopelekwa shule alijua herufi zote isipokuwa I, O na Q, ambazo haziruhusiwi kwenye namba ya gari kwa kuwa zinachanganywa na moja na sifuri.

Kabla ya mwaka huo kwisha pikapu ilipotea. Baba alisema aliipeleka alikotumwa. Meneja wa mradi alisema hakumtuma popote. Baba akafukuzwa kazi kwa barua ya mistari minne, akakaa mahabusu miezi kumi na minne, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, akarudi mtaani na jina jipya, Muuza-Gari. Alikufa nalo. Ilikuwa imepita miaka saba tangu azikwe, na mkewe bado alipita njia ya nyuma kwenda sokoni, yenye madimbwi, ili asikutane na watu wa duka la kona. Mkaguzi alichokitaka duniani kilikuwa kitu kidogo. Alitaka karatasi nyingine ya mistari minne, inayosema kwamba ile ya kwanza ilikuwa uongo, na aliitaka mama yake akiwa hai bado.

Saa nne iliingia pikapu nyeupe, iliyotunzwa vizuri. Mwenyewe alikuwa mzee aliyevaa suti ya kijivu, amekuja kubadilisha jina la mmiliki ili gari liwe la mjukuu wake. Mkuu wa yadi alitoka ofisini kumlaki, jambo ambalo mkuu hakulifanya hata mvua ilipong'oa paa la choo.

"Mhudumie mzee haraka," alisema. "Huyu ni mtu wetu."

Mkaguzi akasoma kibati kwa kupita. Nafasi ya kumi ilikuwa V, mwaka tisini na saba. Akapiga hesabu ya mlinzi. Ilibaki saba, na kwenye kibati iliandikwa nne. Mtu alikuwa amebadilisha mwaka na zile sita za mwisho, kisha akamsahau mlinzi wa katikati. Ni kosa la fundi mwenye nyundo nzuri ambaye hakumaliza shule.

Akaingia uvunguni. Kwenye chesisi chuma kilikuwa chembamba mahali pa namba, kimepigwa tupa na kuchapwa upya. Aliweka karatasi, akapitisha penseli. Karatasi ilisema V. Lakini mwaka hutoka kwenye chuma, hauombi ruhusa kwa herufi, na ulioingia kwenye kabini ulikuwa tisini na tano. Viti vikajivika nailoni. Harufu ya upya ikajaa. Nyuma ya usukani alikaa baba yake, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi, anasubiri.

Mkaguzi akajipangusa vumbi, akafungua mlango wa abiria, akapanda.

"Karibu, dada," baba alisema. "Angalia tu hiyo nailoni isichanike. Meneja mkali."

"Shikamoo, baba."

Baba akacheka mpaka akashika usukani. "Baba! Dada, utanizeesha bure. Mimi na wewe rika moja."

Ilikuwa kweli. Baba alikuwa na miaka thelathini na minne. Yeye alikuwa na thelathini na mitano.

"Unalipeleka wapi?" akauliza.

"Gereji ya shemeji yake meneja. Kasema niliache huko na funguo, mimi nirudi kwa basi."

"Lina ubovu gani?"

"Gari jipya lina ubovu gani? Nimemuuliza. Kaniambia kazi yangu kuendesha, ya kuuliza ina mshahara wake."

"Amekuandikia?"

"Mimi sitoki bila sahihi, dada. Ninajipenda." Akafungua daftari la safari lililokuwa juu ya dashibodi. Kulikuwa na tarehe, jina la gereji, na sahihi ya meneja, iliyokandamizwa kwa kalamu kana kwamba karatasi ilikuwa imemkosea. Daftari hilo lilipotea pamoja na gari, na mahakamani ilisemwa kwamba halikuwahi kuwapo.

Mkaguzi alijua kwamba mwaka ukitoka hutoka na vitu vyake vyote, na kwamba kinachobaki ni kile tu kilichoshikwa na penseli. Akaweka karatasi nyepesi juu ya ukurasa, akasugua. Tarehe ikatokea nyeupe, kisha gereji, kisha sahihi na mkia wake mrefu.

"Unasugua vizuri," baba alisema, akimwangalia mkono. "Nina wa kwangu nyumbani angekupenda. Miaka sita. Juzi mwalimu kaniita, eti mtoto hataki kuandika O. Anasema hiyo si herufi, ni sifuri iliyonenepa."

"Ukamwambia nini mwalimu?"

"Nikamwambia tutazungumza nyumbani. Tulipofika nyumbani tukacheka. Mama yake akatukaripia wote wawili."

Ilikuwa dakika ya sita. Mkaguzi akasema, "Usiliache gari. Geuza urudi."

"Nikirudi niseme nini? Dada mmoja mwenye penseli kanikataza?" Akawasha injini, akaisikiliza kwa mapenzi. "Kazi ni kazi. Shuka basi, nisichelewe. Leo nimeahidi kurudi na embe."

"Msalimie mtoto."

"Nimwambie kasalimiwa na nani?"

Akamtazama usoni, akikunja macho kidogo, kama mtu anayesoma kibati kwenye kioo chenye vumbi. Kisha dakika ya nane ikaisha. Kiti kilikuwa kitupu, cha kitambaa cha zamani, na injini ilikuwa baridi.

Mzee wa suti alikuwa amesimama kivulini, ameona kila kitu.

"Gari hili ulilipataje?" mkaguzi alimwuliza.

"Umeona mwenyewe," mzee alijibu kwa utulivu. "Aliniletea dereva wangu. Alikuwa mtu mzuri, mtiifu, msafi sana."

"Alikaa mahabusu miezi kumi na minne."

"Ilibidi mtu akae."

"Ulikuwa wewe wa kukaa. Wewe ni mwizi," mkaguzi akasema. Hakupaza sauti, lakini foleni ilikuwa ya magari tisa na vioo vyote vilikuwa wazi. Bi Chupa akasimama na sinia. Dereva wa lori la gesi akaacha kutafuna.

"Maneno makubwa hayo, binti," mzee alisema, akaenda kukaa ofisini.

Mkuu wa yadi aliichukua ile karatasi, akaishika mbali, kisha karibu, akavua miwani, akavaa. Hakubisha hata neno moja.

"Ndiyo, hii ni sahihi ya mzee," alisema. "Naifahamu sana. Ndiyo iliyo kwenye barua yangu ya kuajiriwa." Akaangalia dirishani. "Na yule alikuwa baba yako. Mnafanana paji la uso. Pole sana."

"Basi andika."

"Niandike wapi, mwanangu? Fomu ina sehemu ya namba, sehemu ya rangi, sehemu ya idadi ya viti. Nimeigeuza pande zote mbili. Haina sehemu ya baba."

Akamwita mkaguzi mwingine, yule waliyemwita Kobe, ambaye mara hiyo alifanya kazi yake kwa dakika mbili. Muhuri ukagongwa. Karatasi ya sahihi ikatobolewa matundu mawili ikaingizwa kwenye faili, tundu la pili likapita katikati ya jina la meneja. Geti likafunguliwa, pikapu ikatoka.

Jioni mkaguzi alimweleza mama yake yote, tangu mlinzi wa nafasi ya tisa hadi injini kupoa. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakusimamisha mkono.

"Alikuwa amevaa lipi?"

"La bluu."

"Nililipiga pasi mwenyewe. Kola ilinisumbua." Akatupa kijiwe nje. "Alisema anarudi na embe?"

"Alisema hivyo."

"Alirudi nazo. Mbili. Moja ulikula wewe peke yako ukatapika." Akacheka kidogo, akachambua tena. "Na karatasi wamekupa?"

"Hawakunipa."

"Haya," mama akasema. Asubuhi iliyofuata alichukua kikapu, akapita njia ya nyuma, yenye madimbwi.

Jumatatu mkuu alimwita mkaguzi ofisini. Barua ilikuwa tayari mezani, imechapwa, kalamu imelazwa juu yake. Barua ilisema kwamba mkaguzi alipitiwa kutokana na uchovu wa kazi, na anamwomba mzee radhi kwa lugha isiyofaa mbele ya wateja. Kiti kilivutwa kwa ajili yake. Hakukikalia.

"Mzee hana kinyongo," mkuu alisema. "Ameniambia mwenyewe, binti ni mdogo, damu inachemka. Saini tu yaishe."

"Alichukua gari au hakuchukua?"

"Alichukua. Nani amekataa? Tulikuwapo wote, tuliona. Hapa hatuzungumzii kuchukua, tunazungumzia kumwita mtu mzima mwizi mbele za watu."

"Ningekuwa na kipaza sauti ningekitumia."

Mkuu akashusha pumzi. Alikuwa mtu mwema kwa siku nyingi za juma. "Mwanangu, nakusihi. Neno moja. Huna haja hata ya kulimaanisha. Hii kazi unaipenda, na hakuna atakayeifanya kama wewe. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie siombi radhi."

"Nimwambie hivyo hivyo? Kavu?"

"Kavu. Na wewe pia sikuombi, kwa kukusumbua kuchapa. Siombi leo, na ukiniita kesho usijisumbue kunivutia kiti."