Insha Isiyokwenda Ukutani

Katika darasa la Mwalimu Chumvi hukuwahi kumkuta mtoto ameandika kwamba jua lilichomoza huku ndege wakiimba kwa furaha. Aliyeandika hivyo aliulizwa ni ndege gani, wangapi, na yeye alikuwa amesimama wapi. "Chumvi ni ya jikoni," mwalimu alisema kila siku, na ndiyo maana watoto wakambatiza jina hilo. Aliwafundisha kuandika mambo ya kweli tu: ulichokiona, ulichokisikia, na kwa kinywa cha nani. Tena alikuwa na utaratibu wake, ambao walimu wenzake waliucheka chini chini. Kila mtoto alikuwa na mwenzake wa kumhakikisha. Ukishaandika, mwenzako anachukua insha yako, anakwenda kwa watu uliowataja na kuwauliza. Ikithibitika, inabandikwa ukutani. Mwalimu mwenyewe haisomi kabla haijahakikishwa, asije akapendelea. Alijivunia sana utaratibu huo. Alijivunia mno, tuseme ukweli, kwa mtu ambaye nyumbani kwake alikuwa akiishi kwa uongo.

Uongo wenyewe ulikuwa huu. Kaka yake, dereva wa lori la masafa marefu, alifariki barabarani wakati wa mvua za mwaka jana, akazikwa hukohuko mbali. Baba yao mzee, ambaye macho yamefifia na moyo unaendeshwa kwa vidonge, hakuambiwa. Daktari alionya kwamba mshtuko mmoja tu, basi. Mwalimu akamchukua binti wa marehemu wakaenda kuzika, wakamuaga mzee kwamba ni safari ya shule. Tangu hapo, kila mzee alipouliza habari za mwanawe, mwalimu alishika simu akajifanya anasoma ujumbe: hajambo, anakusalimia, yuko safarini. Hata shuleni hakuna aliyeambiwa, maana mtaa ni mdogo.

Na binti je? Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, mama yake kaolewa kwingine, na aliishi humo humo na shangazi na babu. Alikatazwa kulia ndani ya nyumba. Akitaka kulia alikwenda bafuni akafungua bomba. Hakuna mtu aliyewahi kumpa pole.

Muhula huu mada ilikuwa siku moja isiyosahaulika. Mwalimu alimwona mtoto wa kaka yake ameinama, anaandika bila kunyanyua kichwa, yeye ambaye tangu msiba alikuwa haandiki zaidi ya mistari mitatu. Alifurahi jamani. Hakumuuliza anaandika nini, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu.

Mwenzake wa kumhakikisha alikuwa msichana aliyeitwa Kiherehere, na jina lilimkaa sawasawa. Jumamosi, mwalimu akiwa sokoni na binti akiwa nyuma ya nyumba anafua, Kiherehere alibisha hodi, daftari mkononi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una shida gani?"

"Nimekuja kuhakikisha. Ni kazi ya Mwalimu."

"Haya, hakikisha."

"Ni kuhusu mwanao dereva, yule aliyefariki. Imeandikwa kwamba alizikwa mvua inanyesha, na jeneza lilikuwa na msumari uliopinda. Ni kweli, Babu? Wewe uliuona huo msumari?"

Mwalimu aliporudi na kikapu chake alimkuta baba yake ukingoni mwa kiti, mkono kifuani, midomo imepauka. Kiherehere alikuwa bado amesimama mbele yake, penseli tayari, anasubiri jibu. Binti alikuwa kwenye mlango wa nyuma, nguo mbichi mikononi, maji yanamchuruzika miguuni.

"Mwanangu yuko wapi?" mzee aliuliza. "Usinizungushe. Yuko wapi?"

Nafasi ya kusema ilikuwepo, wala haikuwa ndogo. Vidonge vilikuwa mezani na jirani alikuwa na gari. Lakini mwalimu aliutazama ule mkono kifuani.

"Yuko safarini, Baba. Huyu mtoto katunga tu."

"Katunga?"

"Muulize mwenyewe." Akamgeukia binti. "Mwambie babu yako. Si ulitunga?"

Binti alimtazama shangazi yake. Alimtazama kwa muda, kama anayempa nafasi ya kukumbuka kitu alichosahau. Kisha akaziweka nguo chini.

"Nilitunga, Babu."

"Yote?"

"Yote. Hata msumari."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alimvuta mtoto akamkumbatia na nguo zake zilizolowa. "Mwongo mkubwa wewe! Baba yako mzima unamzika kwa penseli?" Kiherehere aliandika kwenye daftari lake, Si kweli, akaaga kwa adabu akaenda zake.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa akasoma alichokipata. Mhusika kahojiwa, kasema mwanawe yu hai. Mwandishi naye kakiri kwamba katunga. Darasa liliangua kicheko, na mmoja akauliza kwa sauti ni mtoto gani huyo anayemuua baba yake ili apate alama. Watoto hawana dogo. Kisha wote wakamgeukia mwalimu. Neno moja lingetosha, lakini neno likisemwa pale lingefika kwa mzee kabla ya chakula cha mchana, na yeye alilijua hilo.

Akaichukua insha. Ndipo alipoisoma kwa mara ya kwanza, kurasa nne bila chembe ya chumvi. Tangu aanze kufundisha hakuwahi kusahihisha insha nzuri kama ile. Na msumari ulikuwepo kweli. Siku ile yeye mwenyewe alikuwa ameukodolea macho ili asitazame shimo.

"Haiendi ukutani," alisema, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika sifuri. Alitamani ardhi ipasuke aingie. Haikupasuka, na kipindi kikaendelea.

Jioni ile mzee alimwita mjukuu wake. "Lazima umwombe baba yako radhi. Shangazi yako kampelekea ujumbe?"

"Kampelekea."

"Kajibu?"

Mwalimu alitoka jikoni mbio, akifuta mikono. "Nitakusomea, Baba."

"Aa, wewe unanisomea nusu nusu. Hajambo, anakusalimia, kwisha. Leo asome huyu."

Binti alipokea simu. Kioo kilikuwa kimezima, na hakukiwasha. Alikisogeza karibu na uso, akaanza.

"Anasema amenisamehe, ila amecheka sana. Anasema tairi la nyuma la kushoto lilipasuka, wakalibadilisha juani, jeki ikateleza ikamchubua kidole gumba. Anasema utingo wake anakoroma, basi yeye analala juu ya mifuko ya saruji. Viatu kavifanya mto. Vile vya kahawia ulivyomnunulia wewe."

"Vile vya kahawia!" Mzee alipiga paja. "Bado anavyo?"

"Kimoja kimeachia soli. Kakifunga kwa waya."

Sauti haikumtetemeka hata kidogo. Tairi la upande gani, kidole kipi, viatu vya rangi gani, kila kitu kilikuwa mahali pake kama alivyofundishwa darasani. Mzee alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Mwalimu alisimama mlangoni. Alijua lazima amkatishe. Lazima ampokonye ile simu, amkumbatie mtoto wa watu, amwambie baba yake ukweli, liwalo na liwe. Alipiga hatua.

"Endelea," mzee alisema.

Binti alinyanyua macho makavu, akamtazama shangazi yake, akasubiri. Mwalimu akavuta kiti akaketi, kwa sababu na yeye alitaka kusikia kaka yake amesema nini tena.