Hodi Langoni kwa Bwana Tarrant

Basi nani aliyekuruhusu kupita hapa miaka yote hii kama si mimi, anauliza Bwana Tarrant, mkono wake umekamata lango kama mtu aliyemshika mbuzi wake asitoroke, na Bi Mwanamize anamjibu palepale, Wee! Kuruhusu? Uliniruhusu wewe au iliniruhusu miguu yangu? Wako mwisho wa kijiji cha Elmscote, Uingereza ya mashambani, pale nyumba zinapoishia na msitu wa kale unapoanzia, na kati ya jiko la Bi Mwanamize na ua wa Bwana Tarrant inapita njia ya miguu, inaingia msituni, inatokea mtoni, inaandamana na mto mpaka kijiji cha pili na cha tatu. Bi Mwanamize Mbwana ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Aliletwa huku na bintiye zamani, akakikuta kijiji kimekaa kimya kama chumba cha kungojea daktari, akakifundisha kupiga soga. Siku hizi mtembezi akitoka msituni na matope yake hapiti dirishani kwa bibi huyu bila kuitwa, na akiitwa huingia, na akiingia hatoki mpaka ale mahamri na atoe habari: nani kaposa, nani kauza ng'ombe kwa hasira, kasisi kanuniana na mpiga kinanda kwa lipi. Nyumba iliyojaa watu ndiyo fahari yake, na wanaoijaza wanaletwa na njia hiyo. Sasa Bwana Tarrant, mwenye ardhi inayopitwa na njia, anataka kulitia kufuli lango lililo njiani. Kesho afisa wa baraza la wilaya anakuja kusikiliza, kwa kuwa sheria ya huko, kama majirani hawa wawili walivyoielewa, inasema njia iliyopitwa na watu miaka na miaka bila kumwomba mtu ruhusa ni ya wote, lakini ile iliyopitwa kwa hisani ya mwenye ardhi ni ya mwenye ardhi, na akichoka na hisani yake, mchezo umekwisha.

Tena shahidi wangu ni wewe mwenyewe, Bibi Mbwana, anasema Bwana Tarrant, akitabasamu kama aliyeficha karata kwapani. Kila ukifika hapa unaita lile neno lako, hodi, nami nakujibu lile ulilonifundisha, karibu. Ruhusa gani tena inayozidi hiyo? Kijiji kizima kimetusikia. Bi Mwanamize anafungua kinywa na, jambo ambalo halijapata kutokea, hakitoki kitu. Maana ni kweli. Aliita hodi pale tangu siku ya kwanza, kwa malezi aliyolelewa, na akasimama na kumfundisha mzungu wa watu kujibu, na wote wawili wakacheka, na leo malezi yake yanakwenda kuifunga njia. Anajikaza leso juu ya koti, anampita ubavuni, anaingia msituni kupoza moyo. Mbele kidogo upo mwaloni ulioanguka, umeota ukoga wa kijani, laini kama mto wa kulalia, na jua la majira ya maua limeupata. Anakaa. Anafumba macho kidogo tu, wallahi kidogo tu.

Anapoyafumbua, miti imehama. Njia ni ileile lakini imejinyoosha mpaka haina mwisho, na yale maua ya buluu yanayojaa chini ya mialoni kila mwaka yanatiririka kama maji, yanampita vifundoni, yanakwenda anakokwenda yeye. Anatembea, na kutembea ni kuzuri, na kadiri anavyotembea ndivyo mialoni inavyozidi kuwa mikongwe, minene ya kukumbatiwa na ukoo mzima, na mbele linasimama lango la Bwana Tarrant, peke yake, halina ua kulia wala kushoto. Kando yake kuna mtu wa kofia na viatu vya mpira vya kufika magotini, na chini ya kofia hana uso, pako laini kama yai. Bi Mwanamize hashtuki sana, ameona watu wenye nyuso wa kutisha kuliko huyo. Hodi, anaita, kwa mazoea. Papo hapo mialoni inajipanga kuwa kuta, matawi yanajikunja kuwa dari, na njia ni sebule ya mtu, ina zulia na saa ya ukutani, na yeye amekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama mgeni. Mwenyeji yuko wapi, anauliza. Ni yule uliyemwomba, anasema yule asiye na uso. Nimemwomba nani mimi? Hilo ungelijua kabla hujaomba, bi mkubwa. Haya makubwa, anasema Bi Mwanamize, anainuka, anatokea mlango wa nyuma, na nje ni mto.

Juu ya mto kuna kijiji cha nyumba za mawe zilizoezekwa nyasi, naye alidhani ukishaondoka pwani humwoni tena mtu anayelala chini ya paa la nyasi, kwa hiyo anajisikia kama amekutana na jamaa. Chini, ndani ya maji, kuna kijiji hichohicho kichwa chini, na watu wa chini wanatembea nyayo kwa nyayo na watu wa juu. Lakini wa juu kila mmoja yuko nyuma ya dirisha lake na kikombe chake, na wa chini milango iko wazi, wamekaa nje, mmoja anamsuka mwenzake, wawili wanamsengenya wa tatu ambaye amekaa papo hapo na anacheka kuliko wote. Kipi ndicho kijiji chenyewe, anauliza, na yule asiye na uso, ambaye kumbe yuko nyuma yake, anasema, Tupa jiwe. Analitupa majini, na kinachotikisika ni kijiji cha juu, kanisa na paa na bata-maji weupe wote wanakunjamana kama nguo, na chini mwanamke mmoja anajifuta shavu na kusema, Nani huyo mtovu wa adabu? Samahani dada, anaita Bi Mwanamize, na anaifuata njia kandokando ya mto, na njia inapinda na mto, na mto unapinda na njia, mpaka yuko tena langoni, na ulimi unamponyoka tena, hodi, na sebule inajifunga tena, safari hii dari inamgusa kilemba. Anatoka, anatembea, msitu, mto, kijiji na pacha wake, lango. Hodi. Sasa si sebule, ni kabati. Na ndani ya kabati, wamesimama kama miamvuli ya mvua, wako watembezi wake, wale wa mahamri, na matope yao, kimya. Mnafanya nini humu, anawauliza. Tunamngoja mwenyewe aje aturuhusu, wanasema. Tangu lini? Tangu ulipoomba.

Hilo linamchoma Bi Mwanamize kuliko maneno yote ya Bwana Tarrant. Kitendawili, anasema yule asiye na uso kutoka nje ya kabati. Tega, anasema, japo hana hamu. Ukikiomba kina mwenyewe, usipokiomba hakina. Ni njia, anasema Bi Mwanamize, hicho hata mtoto wa madrasa angekitegua akiwa na usingizi. Basi mbona unaiomba? Na hapo damu inampanda, na kwa ile damu kupanda, akili inamfunguka. Nisikilize, wewe usiye na uso, anasema, na usinikate kauli. Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, harudii ya nne, anageuka anarudi alikotoka. Muulize mtoto, muulize kizee. Hodi inayoomba ndiyo hiyo. Sasa baridi ile Bwana Tarrant alipolazwa hospitali kwa nyonga yake, nilifika langoni kila asubuhi, nikaita, na aliyenijibu ni kunguru. Niligeuka? Sikugeuka! Nilipita, na watembezi nyuma yangu, na wiki baada ya wiki hakuna aliyesema karibu. Basi sikuwa nikiliomba lango. Nilikuwa namwamkia jirani anayekaa peke yake kibarazani, maana mtu hapitwi kama gogo. Adabu yangu ni yangu, nimekuja nayo kutoka Kisauni, wala haimfungii mtu njia!

Kabati linapasuka kwa mlio wa kuni mbichi. Mbao zinachipua majani, miamvuli inafunguka kuwa watu, na Bi Mwanamize anaijia njia kichwa juu, leso inapepea, mialoni imesimama huku na huku kama watu waliomsimamia bibi harusi. Hujambo, anamwambia yule asiye na uso, na anapita bila kungoja jibu. Nyuma yake anasikia kofia ikivuliwa.

Kisha amekaa kwenye ngazi ya jiko lake, viatu vimelowa, wala hakumbuki kuuacha ule mwaloni. Langoni amesimama mtu, jua liko nyuma yake, uso hauonekani, ila sauti ni ya Bwana Tarrant, inasema, Endelea, ulikuwa unaniambia habari za nyonga yangu. Nilikuwa nakwambia? Neno kwa neno, anasema yule mtu. Kwa hiyo ulikuwa ukipita hata mimi sipo. Kila siku, anajibu Bi Mwanamize. Na kuniita unaniita. Nakuita, na afisa nitamweleza hivyohivyo, wala sipunguzi. Mkono wa yule mtu unateremka langoni polepole. Hapo umenishinda, anasema. Kufuli nitalirudisha dukani. Lakini nikwambie neno, Bibi Mbwana, watu wote wale wanapita kwangu wanakuja kwako, na kati yao anayesimama ni wewe tu. Kumbe ndiyo maana ukataka kufuli, anasema Bi Mwanamize. Ndani ya nyumba watu wanacheka, sauti nyingi, na yeye alidhani leo si siku ya watembezi, na kupitia dirishani anamwona mwanamke mmoja anajifuta maji shavuni, na hamjui, au anamjua. Anamtazama tena mtu wa langoni, uso bado hauonekani. Potelea mbali. Awe nani awe, amesimama muda mrefu.

Ungesema zamani, ewe mwanamume, anamwambia, akiinuka na kumsogezea mlango. Ondoka hapo juani. Mbaazi za nazi zinapoa, na mahamri hayo wenzio wanayamaliza. Njoo ndani ule.