Udhaifu Mkubwa wa Mizania

Matokeo ya mtihani wa mwisho wa uhasibu yalipotoka, naye akawemo miongoni mwa waliofaulu, shemeji yake alimvua jina alilopewa na wazazi akambandika la Mizania, ile taarifa ya wahasibu ya mali na madeni. Binti alidhani ni utani wa siku mbili tatu. Wapi! Jina lilimganda kama gundi, hata dada yake, muuguzi asiyependa masihara, akawa anamwita hivyo anapotaka apitishiwe chumvi.

Mizania mwenyewe hakulikataa. Kusema kweli, lilimvimbisha kichwa. Alivyojiona, makampuni yangemgombania kama mpira wa kona, kazi yake ingekuwa kuchagua tu. Miezi ikapita, akatuma maombi mpaka vidole vikamuuma, na wa kumgombania hakuonekana. Ndiyo maana kampuni moja ya kusambaza vifaa vya hospitali ilipompigia simu kumwita kwenye usaili, alisema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, "Ngoja nitazame ratiba yangu." Akaiziba simu kwa kiganja, akarukaruka sebuleni peku, kisha akarudi hewani. "Jumatano naweza kupenyeza." Jumatano alikuwa na nafasi, na Alhamisi pia, na mwaka mzima uliobaki.

Akaanza kujiandaa. Mtu mwenye akili angeisoma kampuni, akapitia tena alichofundishwa. Yeye alijifungia chumbani na simu, akitazama video za mabingwa wa kufundisha watu kusailiwa. Mmoja alisema tabasamu, lakini meno yasizidi. Mwingine akasema mikono nayo iongee. Mizania akakariri majibu kama kasuku, na aliloliringia kuliko yote lilikuwa la udhaifu: "Udhaifu wangu mkubwa ni kwamba siwezi kupumzika mpaka kazi ikamilike bila dosari." Dada yake alipolisikia kwa mara ya kwanza, aligeuka akavitazama vyombo vilivyolundikana kwenye beseni tangu mchana, zamu ya Mizania hiyo.

Shemeji, ambaye ni mwalimu wa udereva, alijiteua mwenyekiti wa jopo. Baada ya chakula cha jioni alivaa miwani ya mkewe, akakunja nne.

"Mtahiniwa, karibu. Gari la mkurugenzi linatoka kulia, la mkaguzi wa hesabu linatoka kushoto. Nani ana haki ya kupita?"

"Shemeji, bwana! Niulize ya maana."

"Anabishana na jopo. Andika," akamwambia mkewe, ambaye alikuwa amelala kochini na sare zake za kazini.

Ilifika mahali maradhi ya usaili yakamwingia damuni. Dada akimuuliza kama ameshiba, anajibu, "Asante kwa swali hilo zuri."

Jumatano ikafika. Alikuta chumba cha mikutano chenye meza ndefu, feni yenye kikohozi, na watu watatu: ofisa utumishi, ambaye ni kijana mwenye kompyuta mbele yake; meneja wa ghala, ambaye ni mwanamume mnene aliyekuwa akitazama saa; na katikati yao mhasibu mkuu, mama mtu mzima mwenye mvi, asiyetabasamu bure.

"Karibu sana," alisema ofisa utumishi. "Hukupata shida kufika?"

Sasa majibu yalikuwa yamembana Mizania kifuani tangu alfajiri. La kwanza kupata mwanya likafyatuka.

"Udhaifu wangu mkubwa ni kwamba siwezi kupumzika mpaka kazi ikamilike bila dosari."

Feni ikakohoa.

"Kwa hiyo," aliuliza meneja wa ghala taratibu, "njiani hukupumzika?"

Mizania aliona uso ukimwaka moto. Alitamani sakafu ipasuke immeze, kiti kifuate. Sakafu haikumjali. Kilichomtoka ni kicheko, tena si cha kujizuia, kile cha kumwaga machozi.

"Nisameheni," alisema alipopata pumzi. "Nilikariri. Hilo lilikuwa la baadaye. Nimefika salama."

"Yamebaki mengine?" aliuliza mhasibu mkuu.

"Yalikuwepo, mama. Yote yamenikimbia."

"Afadhali. Sasa tuzungumze." Yule mama alisogeza kiti. "Ni siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu. Meneja wa mauzo anakuagiza uingize mauzo ya mzigo ambao bado uko ghalani, mteja atauchukua mwezi ujao. Utafanyaje?"

Kwa swali hili Mizania alikuwa na hotuba nzima ya uadilifu. Akaitafuta kichwani, hata koma hakuiona.

"Kwanza ningeogopa," alisema. "Yeye ni mkubwa, mimi mgeni. Pengine ningeenda chooni nikajipe moyo. Halafu ningerudi nimwambie siingizi. Mzigo bado ni wetu, mteja hajaupokea. Hayo si mauzo ya mwaka huu."

"Akikufokea?"

"Ningekuja kwako, mama. Magoti yakigongana, lakini ningekuja."

Mhasibu mkuu aliandika kitu. Meneja wa ghala alisahau saa yake.

Mizania alirudi nyumbani akijitangaza mshindi. Wiki iliyofuata ukaja ujumbe mfupi: wanamshukuru, wamemchagua mwingine. Alijifungia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike, akalia mpaka dada yake akagonga. "Toka, mdogo wangu. Huku nje pia pa kulilia papo, na maji yana bili." Wakakaa kitandani wameegemeana. Siku hiyo hata shemeji hakutania.

Zikapita siku chache, ofisa utumishi akapiga simu. Yule waliyemchagua amepata kwingine, ameghairi. Je, bado anaitaka nafasi? Mizania alikubali kabla sentensi haijafika mwisho, kisha akampigia mama yake.

"Nimepata kazi, mama! Mimi nilikuwa wa pili. Wa kwanza kaikataa."

Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Halafu akauliza:

"Na huyo wa kwanza kaenda wapi?"

"Kapata kazi nzuri zaidi."

"Basi Mungu amzidishie huko huko aliko," mama akasema, "na asimpe sababu ya kurudi."