Sauti Sebuleni

Mtaani walimwita Meneja, ingawa benki alishaiaga zamani. Tangu astaafu hakujua kukaa bure. Asubuhi humwogesha na kumvisha mkewe aliyepooza upande mmoja, kisha huchukua sepeto akazibue mitaro na majirani. "Miaka yote nilikaa kwenye kiyoyozi," aliwatania, "acheni nami nitoke jasho!"

Jumapili hiyo wazazi wa mchumba wa binti yake walikuja kujitambulisha. Baba wa kijana, fundi seremala mwenye mvi, aliketi ukingoni mwa kochi, mwingi wa haya. Walipokuwa wakinywa chai, kikombe kikamponyoka mke wa Meneja, vigae vikatapakaa miguuni pake. Seremala akapiga magoti upesi.

"Tulia hapo, mama. Usisogee."

Meneja akaganda. Maneno hayo hayo, kwa sauti ile ile ya kukwaruza, aliyasikia akiwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya benki, bunduki kisogoni, siku mlinzi wao alipopigwa risasi ya goti.

"Ni wewe," alisema.

Seremala hakuinua uso. "Ni mimi, mzee. Nilifungwa, nikamaliza kifungo."

"Baba," binti akasema kwa sauti ndogo, "mimi nilijua."

Hapo ndipo Meneja alipokatika maini. Mwizi alikuwa mtu baki; huyu alikuwa damu yake.

"Ulijua, mwanangu? Ukamleta mpaka mbele ya mama yako?"

"Niliogopa ungekataa ndoa."

Meneja alitoka nje. Seremala akamfuata, akasimama mbali.

"Ukinifukuza sitakulaumu. Ila kijana wangu hana kosa."

"Yule mlinzi anachechemea hadi leo," Meneja alisema. " Twende kwake. Akikataa kukuona, na mimi sikujui."

Mlinzi alipofungua mlango na kuelezwa, alishika fremu kwa mikono miwili. Alimtazama mgeni mpaka machozi yakamtoka, hasira au nini, Meneja hakujua.

"Mwache hapa," akasema mwishowe. "Nina mengi ya kumwambia. Wewe rudi kwa mkeo."

Ndoa ilifungwa. Mlinzi alihudhuria, seremala ndiye aliyemsaidia kupanda ngazi. Meneja aliwatazama, bado haamini, na binti yake aliposogea kumshika mkono, alimwachia aushike.