Turubai la Kheir

Mie sina subira, na Kheir anajua. Yeye ndiye fundi wa kupamba jukwaa, anakaa Kiembe Samaki, mie Malindi, na mchezo wangu mpya tuliupanga kwa kuandikiana kwenye simu. Unamhusu mjane, siku ya kwanza ya msiba.

"Kitanda cha nini hicho?" nlimwandikia aliponiletea mchoro. "Matangani watu wanakaa chini! Nnataka matanga ya kweli."

"Ya kweli?"

"Ya kweli, Kheir! Nshasema!"

"Haya, Bi Zeyana. Usije ukanilaumu."

Ukali wote ule ulikuwa kwa sababu ya mama. Kaapa hakanyagi ukumbi wa michezo, eti uhuni mtupu. Michezo minne nimeandika, hajaona hata mmoja, na huu niliuandika kwa ajili yake. Tiketi nilimpelekea mpaka Ng'ambo, akaifunikia kikombe cha chai.

Siku ya onesho la kwanza, baada ya Alasiri, nafika ukumbini, lahaula! Kheir kafunga turubai mlangoni, kapanga mabenchi, katandika majamvi kutoka kizingitini mpaka jukwaani. Wazee wa mtaa wameshakaa na kofia zao, wananong'ona, "Nani kafa?" Wanawake nao wanaingia na mabuibui, wanakaa chini mbele ya jukwaa.

"Una wazimu wewe?" nikamwandikia.

"Si ulitaka ya kweli?" Tena akatia na kikatuni cha kucheka, mjuvi yule.

Nikaanza kuwaomba watu radhi: jamani, hakuna maiti, ni mchezo. Wengine wakacheka, wengine wakafyonya. Mara namwona mama jamvini, macho mekundu. Jirani kamwambia kazini kwangu kuna msiba, naye kaja mbio.

Nikamwendea mbio. "Mama, hajafa mtu. Ni mchezo wangu. Nyanyuka nikutafutie gari urudi."

Akajifuta macho, akanikazia. "Nshakaa mie. Mtu haondoki matangani kabla ya dua."

Onesho likaanza. Mjane wangu akapiga mayowe, akajitupa chini, na wanawake wakalia naye. Mie jukwaa sikulitazama, nilimtazama mama. Mwisho, mchezaji mmoja alipoinua mikono kuomba dua, mama naye akainua yake, akaitikia amina. Kisha akaniita.

"Naam, mama."

"Huyo mjane wako ana makelele. Alipokufa baba yako mie nililia jikoni, mfereji wa maji nimeufungulia, usije ukanisikia. Mwambie kesho alie vile. Ntakuja kumwangalia."