Herufi za Mabuti

Mektilda alikuwa akifuta wino kwenye herufi za tangazo la dansi Bosi Chandu alipomwita mbele. Kabla ya kwenda alirudisha kashani ile A aliyokuwa nayo mkononi, asije akaipoteza. A hazikutosha kamwe. Kasha lile la herufi lilitoka ng'ambo miaka mingi nyuma, limepangwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiswahili kinakula A kuliko herufi nyingine yoyote.

Zilikuwa herufi za mbao, nene, zimeinamia kulia kama mtu anayewahi mahali, na kila mguu wake umeishia kwenye kisigino cha mraba. Pale kwenye kiwanda cha chapa, uchochoroni Kariakoo, waliziita Mabuti. Mtu alizisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Ndizo zilizotangaza mechi, madansi, mitumba iliyofunguliwa leo, na tangu vyama vingi vianze, mikutano ya hadhara pale Mnazi Mmoja. Kadi za harusi na risiti zilikwishahamia kwenye kompyuta ya jirani. Mabuti tu ndiyo yaliyobaki yakimweka Mektilda kazini.

Kwenye kaunta alisimama mwanamume mwenye Kaunda suti, faili kwapani.

"Huyu Bwana Kasmir, ametoka serikalini," Chandu alisema. "Anataka matangazo leo leo."

"Nataka yale maandishi ya matangazo ya mpira," Kasmir alisema, akimkabidhi Mektilda karatasi. "Tulibandika ya taipureta, watu wakasema hawakuona."

Mektilda akasoma. WAKAZI WA MNYONYONI. HAMENI KABLA YA JUMATATU. NYUMBA ZOTE ZITABOMOLEWA.

Akarudia mstari wa kwanza. Mnyonyoni ulikuwa mtaa wa bondeni, ukingoni mwa Jangwani. Yeye na marehemu mumewe walijenga huko vyumba viwili, leo tofali, kesho tofali, na sasa aliishi humo na binti yake, Joyceline.

"Samahani, kaka. Mimi nakaa huko."

Kasmir akamtazama, kisha akamtazama Chandu. "Basi una bahati, dada. Umejua mapema."

"Na fidia?"

"Fidia ya nini? Mmevamia bonde."

"Mbona mjumbe wa mtaa ndiye aliyetugawia viwanja? Na kodi ya jengo mnachukua kila mwaka."

"Sasa mimi ndiye niliyegawa? Mimi nimetumwa matangazo." Akaangalia saa. "Kunajengwa maghala pale. Mwekezaji hasubiri."

"Basi weka jina la ofisi, tujue pa kwenda kulalamika."

"Andika AMRI. Inatosha."

Kasmir alipotoka kwenda kunywa chai, Mektilda alibaki ameegemea kaunta. "Bosi, siwezi kuipanga hii."

"Mama Joyceline, nikikataa anavuka barabara tu. Ile kompyuta sasa inatoa hata herufi kubwa. Halafu Mabuti nauza kuni, na wewe nakupeleka wapi?" Chandu hakusema kwa ukali. Alikuwa akifuta miwani isiyokuwa na uchafu. "Jumatatu tinga linakuja, tangazo liwepo lisiwepo. Bora watu waone."

Mektilda akaichukua karatasi. Akarudi kwenye kasha.

Alipanga herufi kinyumenyume kama siku zote, ili zikichapwa zisomeke sawa. JUMATATU ikamaliza A zote. Akachukua V, ambazo Kiswahili huziacha zikae bure, akazigeuza juu chini. Ingawa Mabuti yaliinama, V iliyopinduliwa iliinama upande uleule. Ilikosa tu kile kipande cha katikati. Siku nyingine ujanja huo humchekesha. Leo alikaza mistari kwa kabari, akapaka wino, akachapa nakala ya kwanza. Herufi zilitoka nyeusi, zimejaa, hazikukwaruzika popote. Lilikuwa tangazo zuri, na alichukia kwamba lilikuwa zuri.

Jioni, vibarua wa Kasmir walimtangulia Mnyonyoni. Matangazo yalikuwa kwenye kuta, kwenye nguzo, hata kwenye mlango wa choo. Wanawake walisimama vikundi vikundi, mikono vifuani. Mzee Vitalis, fundi viatu mwenye mtoto wa jicho, alikuwa ameukaribia ukuta wake, anatabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Joyceline. Herufi za kwenu hizi, hata mimi nazitambua. Nani anacheza na nani?"

Akamsomea, mstari kwa mstari.

"Umezipanga wewe?"

"Mimi, mzee."

Akangoja atukanwe. Vitalis akanyoosha mkono, akapapasa karatasi mpaka vidole vikachafuka wino.

"Na hii amri ni ya nani?"

"Hawakutaka iandikwe."

Mzee akaguna. Akaingia ndani, akatoka na nyundo na stuli.

"Mabati yangu bado mazima," alisema. "Tinga likipita yatakuwa takataka. Mimi huko juu sioni. Panda wewe, uyang'oe."

Mektilda akavua viatu, akapanda. Msumari wa kwanza uligoma, kisha ukatoka kwa mlio. Akampa mzee msumari na nyundo, na mzee akaulaza juu ya jiwe, akaanza kuunyoosha kwa kupapasa, taratibu, asijigonge kidole, ili ufae tena mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyepajua.