Rangi ya Sikio

Kioo cha dirisha kilimponyoka fundi begani kikaondoka na sikio lake la kushoto. Wenzake wa karakana walilitia sikio kwenye mfuko wa plastiki, mfuko wakauweka juu ya barafu, wakamfikisha hospitali, kisha wakarudi kazini. Daktari alilishona akitazama kwa hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mshipa wa kuleta damu aliuunga. Wa kuirudisha hakuupata.

"Damu ikijaa, ruba wataifyonza," muuguzi alimweleza. "Likiwa la waridi, salama. Likigeuka zambarau niite upesi, la sivyo litaoza. Mimi nina wodi nzima, kwa hiyo mwambie ndugu yako akutazamie."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba hakuna wa kuja. Sikio lenyewe lilikuwa limekufa ganzi, simu yake ilivunjika pamoja na kile kioo, na wodini hapakuwa na kioo cha kujitazamia.

Saa ya kuona wagonjwa, kitanda cha jirani kilizingirwa. Alilala pale dereva aliyevunjika mguu. Fundi alikohoa kidogo.

"Samahani, mama. Naomba unitazamie sikio. Lina rangi gani?"

Mama yake dereva akainama. "La waridi, baba."

Kesho yake akaomba tena. Safari hii aliyeinama ni shangazi yake dereva, aliyekuja pamoja na mama.

"Huyu baba anapenda kutazamwa. Mume wangu mwenyewe simtazami hivi."

Wakacheka. Fundi naye alicheka, polepole, asije akatikisa nyuzi.

"Ila leo limeiva," shangazi akasema. "Zambarau tupu."

"Kweli, au utani?"

"Kweli, baba."

Mama alikwisha toka kumwita muuguzi. Ruba wawili wakabandikwa. Shangazi, akichungulia kati ya vidole, akawa anamsimulia: "Wanafyonza. Bado. Bado kidogo. Haya, linarudi."

Baada ya siku chache dereva akaruhusiwa. Wakakunja mashuka, wakabeba chupa ya chai. Mama akainama.

"Waridi, baba. Si utatutafuta?"

"Nitawatafuta."

Hakuna aliyesema wapi.

Jioni daktari akamwambia sikio limeshika, halihitaji kutazamwa tena. Fundi akashukuru. Kesho yake, saa ya wageni ilipofika, akageukia ukutani, akaliacha sikio lielekee mlangoni.